Namna ya Kumrudisha Jasusi Aliyetoweka Miaka Mingi katika Hadithi za Katuni

Anayetaka kumrudisha jasusi ambaye hajaonekana katika kurasa za katuni kwa miaka ishirini au zaidi mara nyingi huanza kwa kujiuliza atamwingiza vipi: atatokea mlangoni na bastola mkononi, atamwokoa nani, atasema nini katika kiputo cha kwanza. Ningemshauri aliweke swali hilo kando kwa muda na kuanza na jingine, ambalo ndilo litakaloibeba hadithi nzima: miaka yote hiyo mhusika alikuwa wapi, na ni nani aliyefaidika kwa kutokuwepo kwake? Kazi ya jasusi ni kujificha, kwa hiyo kutoweka kwake kunaweza kusomwa kama operesheni ambayo msomaji hajasimuliwa bado. Mwandishi akilichukua pengo hilo na kulifanya chanzo cha taharuki, nusu ya kazi imekwisha. Akiliruka, atakachokipata ni mhusika yuleyule wa zamani aliyevalishwa suti mpya, na wasomaji wake wa awali watalitambua hilo kabla ya kufika ukurasa wa kumi.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoifahamu ni wa Bucky Barnes. Joe Simon na Jack Kirby walimwanzisha mwezi Machi 1941, katika toleo la kwanza la Captain America Comics, akiwa kijana mdogo anayepigana bega kwa bega na shujaa mkuu, Captain America. Mwaka 1964, katika toleo la nne la Avengers, mfululizo wa kundi la mashujaa, wasomaji walielezwa kwamba Bucky alikufa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia ndege iliyokuwa na bomu ilipolipuka. Kwa takriban miaka arobaini kifo hicho kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vifo vichache vya kudumu katika katuni za Marekani, ambako wafu hufufuka kila msimu. Kisha mwaka 2005 mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting wakamrudisha kwa jina la Winter Soldier, muuaji wa siri wa Umoja wa Kisovyeti. Wengi waliokuwa wameapa kwamba jambo hilo halipaswi kufanywa walikiri kwamba limefanywa vizuri, na inafaa tuangalie sababu zake kwa undani.

Kabla ya kuandika neno lolote, Brubaker alikuwa na kumbukumbu nyingi mbele yake, nawe lazima uwe nazo. Soma kila toleo ambalo jasusi wako alitokea, hata yale mabaya, hata yale ambayo alipita katika fremu mbili tu. Andika katika daftari mambo matatu kwa kila toleo: nini kilionyeshwa kwa macho, nini kilisemwa tu na mhusika fulani, na nini kilidhaniwa na wasomaji bila kuonyeshwa wala kusemwa. Mgawanyo huu ndio hazina yako. Kilichoonyeshwa kwa macho kiheshimu. Ukikikanusha umewaambia wasomaji kwamba fedha na miaka yao ilipotea bure. Kilichosemwa tu kina nafasi, kwa kuwa anayesema anaweza kuwa amedanganywa au anadanganya. Kilichodhaniwa ni shamba wazi. Katika habari ya Bucky, mlipuko ulikuwa na shahidi mmoja, Captain America, naye mwenyewe alitumbukia baharini na kuganda barafuni kwa miaka mingi. Hakuna aliyeuzika mwili. Brubaker hakuhitaji kuufuta mlipuko. Ulitokea, kijana aliumia vibaya, akapoteza mkono wa kushoto na kumbukumbu yake, na Warusi wakamwokota. Kila ukurasa wa zamani ulibaki kweli.

Daftari hilo litakufichulia pia migongano ambayo usingeitarajia, na ni bora uikute wewe kabla hajaikuta msomaji. Captain America na Bucky walikuwa wamechapishwa tena katika miaka ya 1950 wakipambana na wakomunisti, jambo ambalo haliwezekani ikiwa mmoja aliganda na mwingine alikufa mwaka 1945. Mwaka 1972 kampuni ya Marvel, mchapishaji wa katuni hizo, ilitatua mgongano huo kwa kueleza kwamba wale wa miaka ya 1950 walikuwa watu wengine waliovaa mavazi yao. Suluhisho hilo lilizaa wahusika wapya na huzuni mpya. Ukikuta kosa la namna hii katika kumbukumbu za jasusi wako, usilifukie. Mara nyingi penye tarehe zinazokataa kulingana ndipo panapokaa njama unayoitafuta.

Suala la pili ni umri, na hapa pana njia mbili zinazofaa na moja ninayoiona kuwa ya hatari. Njia ya kwanza ni kutoa sababu ya mwili. Winter Soldier alihifadhiwa katika usingizi wa baridi kali kati ya kazi na kazi, akiamshwa kuua na kulazwa tena, ndiyo maana miaka ilipita naye akazeeka kidogo tu. Nick Fury, aliyeanza mwaka 1963 kama sajini wa vita na kufikia 1965 akawa kanali anayeongoza shirika la ujasusi, alipewa mwaka 1976 maelezo ya dawa inayozuia uzee. Linganisha maelezo haya mawili utaona tofauti kubwa: dawa ya Fury inajibu swali la hesabu, lakini usingizi wa Bucky unajibu swali la hesabu na hapohapo unakuwa mateso, kwa sababu mtu anayeamshwa ili aue tu hana siku hata moja iliyo yake. Chagua sababu inayomgharimu mhusika kitu.

Njia ya pili ni kumwacha katika zama zake. Hivyo ndivyo Wabelgiji walivyofanya kwa Blake na Mortimer, mfululizo ulioanzishwa na Edgar P. Jacobs mwaka 1946 katika toleo la kwanza la jarida la Tintin, wenye nahodha wa idara ya usalama ya Uingereza na rafiki yake profesa. Jacobs alifariki mwaka 1987 akiacha hadithi moja haijakamilika. Bob de Moor aliimaliza na ikatoka mwaka 1990. Mwaka 1996 mwandishi Jean Van Hamme na mchoraji Ted Benoit walitoa hadithi mpya kabisa, lakini hawakuwaleta mashujaa hao katika dunia ya kompyuta na simu za mkononi. Waliwaacha katika miaka ya 1950, wakachora kwa mistari safi ileile ya Jacobs, na swali walilolifungua lilikuwa zito kwa mhusika wa aina hii: Nahodha Blake mwenyewe anatuhumiwa kuwa jasusi wa adui. Nalipenda sana chaguo hilo. Baada ya ukimya wa muda mrefu msomaji ana hamu ya kuamini, na waandishi wakaifanya imani yenyewe ndiyo itikiswe.

Njia ya hatari ni kujifanya kwamba miaka haikupita, yaani kumleta katika dunia ya leo akiwa na umri uleule, marafiki walewale na adui yuleyule, bila neno la maelezo. Inawezekana katika vichekesho vya gazetini. Katika hadithi ya ujasusi, ambayo uhai wake hutegemea siasa za wakati wake, haishiki.

Siasa hizo ndizo zinazohitaji kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jasusi huumbwa na adui wake, na adui akifa au akibadilika, jasusi hubaki na ustadi usio na mahali pa kutumika. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunalielewa jambo hili kwa karibu kupitia Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye katika riwaya ya Kikosi cha Kisasi ya mwaka 1979 alipelekwa Kinshasa wakati ambapo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliwindwa hadi katika miji ya nchi huru. Atakayepata ruhusa ya kumfanya Gamba mhusika wa katuni leo atakabiliwa na ukweli kwamba utawala wa makaburu ulifikia mwisho mwaka 1994. Anaweza kumbakiza katika miaka ya ukombozi, jambo ambalo binafsi ningelichagua, kwa maana miaka hiyo haijachorwa vya kutosha na vijana wengi hawaijui. Au anaweza kuuliza maofisa wa upande wa pili walienda wapi, walianzisha makampuni gani, na nani leo anawalipa. Brubaker alifuata njia hii ya pili: Umoja wa Kisovyeti ulivunjika mwaka 1991, hivyo jenerali wa zamani, Aleksander Lukin, anaonekana akiwa mkuu wa kampuni kubwa ya kimataifa, na Winter Soldier amekuwa sehemu ya mali aliyoirithi. Adui hakutoweka, alibadilisha ofisi.

Ukishajua alikuwa wapi na nani adui, ndipo upange namna ya kumfichua, na hapa katuni ina nguvu ambayo riwaya haina. Anza na alama za kazi yake kabla ya uso wake. Toleo la kwanza la Brubaker na Epting linamalizika kwa risasi inayomuua Red Skull, adui mkuu wa mfululizo mzima, nasi hatumwoni mpigaji isipokuwa gizani. Katika ukurasa mmoja msomaji ameambiwa kwamba kuna mtu mpya mwenye uwezo wa kuwaangusha wakubwa, na ameachwa aulize ni nani. Uso unangoja matoleo kadhaa. Tumia ukurasa wa kulia kwa swali na ukurasa unaofuata, baada ya kufunua karatasi, kwa jibu. Anayechora kwa ajili ya skrini ya simu atapata athari hiyohiyo kwa kuacha nafasi tupu kabla ya fremu ya ufichuzi, ili kidole kisogee kidogo kabla jicho halijafika.

Historia ya zamani iingize kwa vipande. Kisengerenyuma kirefu mno katika toleo la kwanza humchosha msomaji mgeni, ambaye hana deni lolote kwa hadithi za enzi za babu yake. Katika matoleo ya mwanzo ya 2005 matukio ya vita yalichorwa na mkono mwingine, Michael Lark, hivyo jicho lilijua mara moja kwamba limehama wakati, bila kisanduku cha maelezo kilichojaa tarehe. Kama bajeti yako ina mchoraji mmoja tu, badilisha rangi, unene wa wino, au umbo la fremu, na ukishachagua alama moja usiibadilishe katikati ya mfululizo. Faili la idara nalo ni chombo kizuri, kwa kuwa majasusi huandikwa: ukurasa wa ripoti yenye mistari iliyofutwa kwa wino mweusi unaweza kubeba miaka kumi.

Jambo moja la kumbadilisha mhusika linahitaji ujasiri. Bucky wa 1941 alikuwa mtoto anayebebwa vitani kana kwamba ni mchezo, na kwa msomaji wa karne hii hilo haliwezi kupita bila swali. Brubaker alieleza kwamba sura ya mtoto wa kikosi ilikuwa ni kifuniko, na kwamba kijana huyo alifundishwa kufanya kazi chafu ambazo shujaa mwenye bendera kifuani hakupaswa kuonekana akizifanya. Hapo ndipo hadithi nzima ilipokaa sawa, kwani muuaji wa baadaye alikuwa tayari ndani ya kijana wa zamani. Tafuta katika jasusi wako jambo ambalo enzi zake zililikubali na enzi zetu hazilikubali, kama vile namna alivyowatendea wanawake au alivyowaua watu bila kuulizwa. Usilifiche wala usimfanye aombe radhi katika kila ukurasa. Mfanye akutane na mtu aliyeumizwa nalo.

Kuhusu haki, zungumza na warithi au mchapishaji kabla ya kuchora fremu ya kwanza. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, na ile ya Tanzania ya 1999, ulinzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo jasusi wa miaka ya 1970 huenda bado ana mwenyewe hata kama vitabu vyake havionekani madukani. Mkataba useme wazi nani ana kauli ya mwisho iwapo utataka kumuua mhusika.

Usimponye haraka. Katika toleo la 14 la mfululizo wa Brubaker, Bucky anarudishiwa kumbukumbu yake yote, na anachokipata si furaha: anawakumbuka kila aliowaua, na anaondoka. Ilichukua hadi 2008 ndipo akaichukua ngao ya Captain America mwenyewe. Muda huo katikati ndio ulioshawishi wasomaji kwamba kurudi kwake kulikuwa na maana zaidi ya mauzo ya mwezi mmoja. Panga basi angalau hadithi mbili kamili kabla ya kutangaza chochote: ya kwanza ieleze alikofichwa, ya pili ieleze anachodaiwa, na mchoraji awe amemaliza matoleo matatu au manne mezani. Warithi wa kazi ya Jacobs walifikia kutumia makundi mawili ya waandishi na wachoraji kwa zamu, kwa sababu michoro ile huchukua muda mrefu na hawakutaka msomaji aliyengoja miaka mingi angojeshwe tena.