Kuandika Habari za Maisha Yako Wakati Wanaozikumbuka Wangali Hai

Mtu mwenye umri wa miaka 45 hadi 55 ana nafasi ambayo mzee wa miaka 80 ameshaipoteza, kwa kuwa wazazi, wajomba na mashangazi walioshuhudia utoto wake bado wanaweza kumsahihisha. Kwa hiyo, kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, waendee hao. Ikiwa kwenu ni huku Dodoma, tuseme Mvumi, Bahi au Kongwa, nenda baada ya mavuno, wazee wanapokuwa na muda wa kukaa, na uombe ridhaa kabla ya kurekodi kwa simu.

Usianze kwa kumwuliza mzee mwaka. Wagogo wa zamani walikumbuka nyakati kwa njaa na matukio, na njaa kubwa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza inaitwa Mtunya hadi leo. Muulize kama ulikuwa umezaliwa watu walipohamishiwa vijijini kwa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kama ulikuwa mgongoni au umeanza kuchunga mbuzi wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Na kama ulikuwa umeanza shule redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Kisha linganisha majibu na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na vyeti vya shule. Tarehe zikigongana, andika zote na useme kila moja imetoka kwa nani. (Mimi huliamini zaidi daftari la parokia kuliko cheti cha kuzaliwa kilichoombwa ukubwani.)

Unapoanza kuandika, achana na “Nilizaliwa”. Chagua jambo ambalo matokeo yake unaishi nayo hadi sasa. Kwa wengi wa Dodoma jambo hilo ni ardhi: uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, kisha miaka ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu hadi ilipovunjwa 2017, uligeuza mashamba mengi kuwa viwanja. Eleza shamba lenu lilikuwa wapi, lilipandwa uwele au zabibu, nani alikuja kupima, kama fidia ilitolewa na ilitumika kufanya nini, na baba alisema nini jioni ile. Andika ulichokula, iwe ugali wa uwele na mlenda au unga wa yanga (wa mahindi ya njano) wa miaka ya foleni, badala ya kuandika tu kwamba maisha yalikuwa magumu.

Kazi na vyeo havihitaji kurasa nyingi. Ndoa zinahitaji uangalifu zaidi: msomee mhusika sehemu inayomhusu kabla hujachapa, na akikataa, iondoe au ufiche jina lake.

Chapa nakala chache steshenari, ukiacha kurasa za kushoto zikiwa tupu, na ya kwanza umpe ndugu yule anayekubishia kila mnapozungumza mambo ya zamani, pamoja na kalamu.