Jinsi ya Kuukejeli Utani Uliochacha wa Katuni ya Gazetini

Mnunuzi wa samaki pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, hamlaumu sangara kwa kuoza. Humfunua matamvua, akaonyesha rangi yake kwa waliosimama karibu, kisha akaenda meza nyingine. Anayetaka kuikejeli katuni ya gazetini inayorudia mzaha wa zamani kuhusu simu na kompyuta aanzie hapo. Kazi yake ni kuonyesha rangi ya matamvua, wala hana haja ya kupiga kelele.

Nitatumia mfano mmoja niliokutana nao Jumamosi moja kwenye meza ya muuza magazeti, eneo la Makoroboi. Katuni ilikuwa na visanduku vitatu. Katika cha kwanza, mzee aliyevaa pama ameketi ndani ya nyumba usiku, nyuma yake kuna dirisha lenye mwezi, naye anapiga simu huku kaishika juu chini. Katika cha pili, simu inamwambia: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Katika cha tatu mzee anafoka: "Wewe mwanamke ni nani, na mwanangu umemficha wapi?" Pembeni yake mjukuu anacheka hadi machozi yanaruka. Pale mezani hakuna aliyecheka, isipokuwa huyo mjukuu.

Kwanza, nakili maneno ya katuni kwenye karatasi bila picha, kwa sababu mchoro mzuri huweza kuficha mzaha uliokwisha muda. Kisha jiulize ni mambo gani lazima yawe kweli ili mtu acheke. Katika mfano wetu, lazima mzee awe hajawahi kuisikia sauti ile, awe hajui kwamba imerekodiwa, na mjukuu awe ndiye mjuzi wa nyumba. Ukishayapata mambo hayo, yapime moja moja kwa hesabu ya umri, hatua ambayo wakejeli wengi huiruka kwa uvivu.

Mzee wa miaka sabini leo alikuwa na umri wa takribani miaka arobaini simu za mkononi zilipoanza kutumika nchini katikati ya miaka ya 1990. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye watoto wa kuwatumia ada na wadeni wa kuwadai. Ulipofika Januari 2020, laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa, naye alikuwa amekwisha kupanga foleni na kitambulisho chake mkononi. Huyu ndiye mtu ambaye mchoraji anataka tuamini kwamba anagombana na sauti ya mtambo. Andika hesabu hiyo kwa ukavu, kama karani anayejaza fomu, maana ukavu wenyewe ndio unaochekesha.

Hatua inayofuata ndiyo yenye utamu, nayo ni kuurudisha mzaha mahali ambapo kifaa kinachotajwa kinatumika kweli. Kwetu huku, neno "hapatikani" ni taarifa kamili. Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800, na mnara wa kawaida wa mfumo wa GSM hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya takribani kilomita 35, hivyo mtumbwi wa dagaa ukishaenda mbali vya kutosha, simu za waliomo humezwa na maji ya katikati. Mtambo humtafuta mteja, haupati jibu, ndipo unapocheza ile sauti. Mzee mwenye mtumbwi anapoisikia saa nane za usiku, anajua vijana bado wako kazini. Anapoona simu imeanza kuita alfajiri, anajua wanarudi na watu wa kuanika waamshwe. Mchoraji aliichora sauti ile kama fumbo, ilhali kwa watu wa mwambao ni saa ya ukutani.

Ukifika hapo usiandike insha. Mimi niliwahi kuharibu mbele ya ndugu zangu, nikiikejeli katuni ya babu aliyeleta paka alipoambiwa ashike kipanya cha kompyuta. Nilianzia kwa Douglas Engelbart, aliyekionyesha kipanya hadharani huko San Francisco mwaka 1968, na kabla sijamaliza mjomba wangu alikwishaomba chumvi. Jambo lenyewe lingetosha kwa sentensi moja: siku hizi asiyekijua kipanya ni mjukuu, aliyekulia kwenye simu ya kugusa kioo.

Njia ninayoipenda ni kuiacha picha kama ilivyo na kubadilisha maneno ya kisanduku cha mwisho peke yake. Katika katuni yetu, mzee nilimwandikia hivi: "Hapatikani? Basi bado yuko mbali na mnara. Akianza kupatikana, mniamshe tuandae chanja." Mjukuu, kwa kuwa alikwisha kuchorwa na machozi, nilimpa maneno yanayolingana nayo: "Babu, nirushie bando, langu limekata." Angalia kwamba sikuongeza mtu wala kifaa. Kila kilichohitajika kilikuwa kwenye picha ya mchoraji mwenyewe, na msomaji akiweka matoleo mawili sambamba, hukumu anaitoa yeye.

Usimguse mchoraji kwa jina, wala usiicheke mistari yake, kwa maana anayetakiwa kuchekesha kila siku kabla ya saa ya kupeleka ukurasa mtamboni lazima siku nyingine ataokota kiporo. Wazee nao usiwafanye wajuzi wa kila kitu. Nao hupokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wapo waliokwisha kutuma, kama walivyokwisha kutuma vijana wao wenye shahada.

Mwisho, kabla hujaitoa kejeli yako, mwonyeshe mtu anayekiishi kitu unachokitaja. Mimi nilipeleka karatasi yangu kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa, nikasimama pembeni nikisubiri acheke. Aliisoma taratibu, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole juu ya dirisha lililochorwa nyuma ya pama.

"Mwezi mpevu huu," alisema. "Usiku kama huu taa haivuti dagaa, nani anakwenda kuvua? Vijana wako nchi kavu wanashona nyavu. Huyo hapatikani kwa sababu amezima simu."

Niliandika upya kisanduku cha tatu.