Kuchagua na kurekebisha fomu ya kichwa cha swala pala

Habari za kazi, wakuu. Wengi mmeomba somo la fomu, lile umbo la povu gumu linalovalishwa ngozi ya mnyama ili kichwa kitundikwe ukutani, kabla hatujaingia kwenye gundi na ushonaji. Nitatumia swala pala, kichwa na mabega. Nywele zake ni fupi, kwa hiyo kila bonde na kila nundu iliyo chini ya ngozi hujionyesha ukutani. Ukimweza huyu, palahala na pofu hawatakusumbua.

Kanuni ninayoisimamia ni moja: fomu huchaguliwa kwa uso, shingo hurekebishwa. Uso una tundu za pua, kona za mdomo, mifupa ya shavu na kitako cha jicho, vyote vimepangana kwa milimita. Ukianza kuuchonga upya, swala anapotea na kubaki mnyama asiyejulikana. Shingo ina nafasi ya kukatwa, kuongezwa na kugeuzwa.

Kabla ya tepu, karatasi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ya Tanzania hairuhusu mtu kukaa na nyara, yaani kichwa, pembe au ngozi ya mnyamapori, bila hati halali, wala kufanya biashara ya nyara bila leseni. Mteja akikuambia karatasi zitafuata, arudi na kichwa chake hadi zifike. Na wale wanaosema mnyama ametoka Ugalla, wakumbusheni kwamba Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Humo hakuwindwi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuchuna.
Tumia tepu laini ya fundi cherehani. Kipimo kikuu ni kutoka kona ya mbele ya jicho hadi ncha ya pua. Kisha mzunguko wa shingo mara tatu: nyuma tu ya masikio, katikati, na chini inapokutana na mabega. Pima pia kutoka kona ya jicho hadi shina la pembe. Piga picha upande, mbele na juu, tepu ikiwa imelala kwenye mwili. Picha hizo ndizo zitakazokuonyesha baadaye pembe zililala kwa nyuzi ngapi.

Hatua ya 2: Pima tena ngozi ikitoka kusindikwa.
Ngozi iliyosindikwa huvutika. Ukiivuta kwa upana inafupika, ukiivuta kwa urefu inabana. Ilaze bila kuilazimisha, pima sehemu zilezile, linganisha na daftari. Vikitofautiana, uso ufuate kipimo cha mzoga, shingo ifuate ngozi. Ngozi ndiyo itakayoshonwa, na isipofika hakuna uzi utakaoifikisha.

Hatua ya 3: Chagua mkao.
Muulize mteja kichwa kitakaa ukuta gani. Kikiwa kulia kwa mlango, kiangalie upande wa mlango, mgeni asipokewe na kisogo. Tundu la risasi na makovu nayo yana neno: kunja shingo upande huo ili doa liingie kwenye mkunjo.

Hatua ya 4: Agiza.
Tuseme jicho hadi pua ni sentimita 17. Tafuta fomu ya swala pala yenye 17, hata kama shingo yake haikubaliani na yako. Nusu sentimita ya uso inaonekana. Sentimita tatu za shingo zinatibika. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Ngozi ikikauka hubana, na kwenye fomu kubwa mshono hufunguka.

Hatua ya 5: Kwaruza, kisha valisha bila gundi.
Fomu mpya hutoka kwenye kalibu ikiwa na utelezi. Pitisha tupa au msasa mkavu kila mahali mpaka mng'ao uishe, la sivyo gundi haishiki na ngozi itainuka ikikauka, hasa penye mabonde. Vaa barakoa, vumbi la povu si la kuvuta. Kisha valisha ngozi, ishikize kwa pini, chora kwa penseli inapobana na inapolegea.

Hatua ya 6: Shingo.
Hapa mafundi wengi hukosea hesabu. Ukitaka kuongeza mzunguko kwa sentimita 3, usibandike unene wa sentimita 3. Gawa kwa 6.28, yaani pai mara mbili: ni kama nusu sentimita tu kuzunguka pande zote. Kupunguza ni hivyohivyo.

Kurefusha, kata shingo katikati kwa msumeno, tenganisha vipande kwa kiasi unachotaka, vishikize kwa vijiti vya mbao vilivyozamishwa pande zote mbili, jaza pengo kwa povu la poliuretani la kuchanganya, likikauka chonga. Kugeuza kichwa, toa kabari upande unaotaka kiangalie, funga pengo, kisha jaza upande wa pili uliofunguka. Changanya povu nje au penye hewa, na glovu mkononi. Hewa yake ina madhara kwa mapafu.

Baada ya hapo rudisha misuli. Shingo iliyogeuka haiwi laini pande zote: upande mmoja hukunjana, mwingine hutanuka, na msuli mrefu kutoka nyuma ya sikio kwenda kifuani hujitokeza. Fomu iliyokatwa haina msuli huo mpaka uuchonge.

Hatua ya 7: Pembe na macho.
Pembe za swala hazidondoki kila mwaka kama za kulungu wa Ulaya na Marekani. Ni ala iliyofunika kiini cha mfupa. Chemsha, vua ala, safisha kiini, kikaushe, kisha rudisha ala kwa gundi ya epoksi. Kipande cha fuvu kinachobeba pembe kikae kwenye kitako ulichochonga, skrubu ziingie kwenye mbao iliyo ndani ya fomu, na urefu wa jicho hadi shina la pembe ulingane na daftari.

Jicho la kioo lina mboni iliyolala. Mtazame mbuzi yeyote mtaani akiinama kula: kichwa kinashuka, mboni inabaki sambamba na ardhi. Kwa hiyo fomu iliyoinamisha kichwa isikufanye uinamishe mboni.

MASWALI YA WANACHAMA

Sikonge: Shikamoo fundi. Nimepata fomu ya kulungu wa Marekani kwa bei nzuri. Itafaa kwa tohe?
Marahaba. Shingo yake ungeweza kuitumia. Uso hapana, hauna sura ya tohe. Bei nzuri itaishia kwenye kuchonga.

Urambo: Povu la kopo la mafundi wa madirisha linafaa?
Kuziba nyufa, ndiyo. Mahali pa skrubu, hapana, ni laini mno. Na lile povu jeupe la kufungashia redio usilipake gundi ya mpira, linayeyuka.

Nzega: Nikikuta swala kagongwa barabarani naweza kujifunzia?
Usimguse. Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori au polisi. Jifunzie kwa beberu wa mnadani. Naye pembe zake ni ala juu ya mfupa, na ngozi yake haihitaji kibali cha uwindaji.

Kigoma: Huku ziwani masika kazi inachelewa kukauka. Fomu ina shida?
Fomu haina shida, povu hilo halinywi maji kirahisi. Kinachochelewa ni ngozi na udongo wa kuzunguka macho. Weka feni ya mbali, acha pini kwenye kope na midomo, kagua kila asubuhi. Pakiinuka, bonyeza pangali pabichi.