Bili ya stima ya jengo la ofisi: anza na mita usiku, LED baadaye

Landlodi wengi hapa Nairobi wakiniita wanataka nije na LED, niweke, niende. Mimi hukataa kuanzia hapo.

Hatua ya 1. Soma mita saa nne usiku wapangaji wakishatoka, andika, alafu usome tena saa kumi alfajiri. Hizo uniti zimeliwa na nani na watu wamelala? Kuna jengo kule Ngara nilipanda ngazi na soja tukakuta orofa ya tatu yote inawaka, taa zaidi ya 40 juu ya viti vitupu, kumbe orofa nzima iko kwa swichi moja na hiyo swichi iko ndani ya stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo ashaenda kwake.

Hatua ya 2. Gawanya swichi, safu ya dirishani iwe na yake na ya katikati yake. Sisi tuko karibu na ikweta, jua ni kama saa 12 kila siku mwaka mzima, sasa taa ya dirishani inawaka saa sita mchana ya nini? Ni waya kidogo tu na fundi wa siku mbili hivi, na mara nyingi pesa iko hapa.

Hatua ya 3. Sasa tyubu. Ile ya zamani ya futi nne ni wati 36, balasti ya chuma (kile kifaa kizito ndani ya fitingi kinachodhibiti stima ya tyubu) inakula kama 9 zaidi, LED ni 18. Unaokoa 27 kwa kila taa, kwa hivyo taa 60 zikiwaka saa 12 kila siku kwa siku 26 ni kama uniti 505 kwa mwezi.

Tafadhali zima breka kwanza na upime na testa. Toa stata (kale kadude ka kuwashia tyubu ya zamani), unganisha waya bila kupitia balasti, na usome karatasi ya tyubu kabla hujagusa kitu maana kuna za kulishwa stima upande mmoja na kuna za pande zote mbili, ukichanganya ni shoti. Ukimaliza bandika stika kwa fitingi kwamba balasti imerukwa, fundi atakayekuja baada yako naye ana watoto.

Hatua ya 4. Sensa za kuwasha taa mtu akisonga weka vyooni na kwa parking, si pale watu wanakaa kimya wakiandika, zitawazimikia.

Hatua ya 5. Baada ya mwezi soma mita tena saa zile zile. Na kama jengo linafika uniti 180,000 kwa mwaka, kanuni za 2012 zilitaka ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, uliza EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) ya sasa inasemaje, na mkaguzi akija mpe daftari lako la usiku.