Kuijua jini kabla ya kuichanganya

Nimesimama kaunta ya baa hapa Moshi mjini miaka kumi na mmoja. Miwili ya mwanzo niliimimina jini kila jioni bila kuijua. Mteja akiagiza, nilikamua nusu ndimu, nikajaza barafu, nikamalizia na soda. Siku moja mama wa makamo akaniambia, "Mwanangu, niwekee yenyewe, na maji pembeni." Akanusa, akanisogezea glasi: "Hebu nusa na wewe." Nikasikia harufu ya mti. Ndimu zangu zilikuwa zimeifunika siku zote hizo.

Mti huo ni juniperi, na ndio ulioipa jini jina lake: Waholanzi walikuwa na kinywaji chao, jenever, kilichoitwa kwa jina la mti huo, Waingereza wakalifupisha. (Namweleza hivi kila anayeogopa neno lenyewe, kuanzia mama yangu mzazi, mapepo hayamo.) Pombe yoyote isiyonukia juniperi kwanza si jini. Kule Ulaya sheria inataka pia isipungue asilimia 37.5 ya kilevi. Konyagi yetu ina 35, na ingawa wengi huinywa kama jini, ukiziweka glasi mbili pamoja pua itakuonyesha tofauti.

Kabla ya kufungua chupa, nenda Mbuyuni sokoni. Nunua mbegu za giligilani, iliki, kijiti cha mdalasini, chungwa moja na limau moja. Juniperi yenyewe hutaipata pale. Badala yake fikicha jani la ule mti wa Krismasi tunaopandia uzio huku uchagani. Ni wa ukoo mmoja na juniperi, na harufu yake ya utomvu itakuelekeza. Nusa tu, usiutie kwenye glasi. Mtarakwa wa misitu ya Meru na Kilimanjaro nao ni juniperi, lakini si ile inayotengenezea jini, kwa hiyo uache msituni.

Chupa ya kujifunzia iwe imeandikwa London Dry. Hayo si maelezo ya mahali. Inaweza kutengenezwa nchi yoyote. Maana yake ni kwamba ladha yote imeingia wakati wa kukenekwa, yaani pombe inapochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa kinywaji, hakuna kilichoongezwa baadaye ila maji na kilevi, na sukari haizidi gramu 0.1 kwa lita. Zile za rangi ya waridi zenye sukari zisubiri.

Kula kwanza, ushibe. Mimina toti moja, kama mililita 30, bila barafu, maana baridi hufunga harufu. Usizamishe pua, shika glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta taratibu. Kisha ongeza maji safi kiasi hichohicho. Hapa ndipo watu wanaponibishia, "Dada, unaiharibu!" Sivyo. Ule ukali unaochoma pua hupungua, na viungo hujitokeza. Sasa ponda giligilani kiganjani, nusa, rudi kwenye glasi. Fanya hivyo kwa iliki, halafu kwa ganda la chungwa. Usiharakishe: kiungo kimoja, pumzi mbili, kisha maji ya kunywa. Giligilani ndiyo utakayoitambua mapema, kwa sababu karibu kila jini inayo. Andika kwenye daftari, hata neno moja tu: "chungwa", "pilipili", "msitu".

Toniki ije baadaye, toti moja kwa mbili au tatu za toniki. Uchungu wake ni kwinini, ileile tuliyomezeshwa utotoni kwa malaria. Lakini usiifanye dawa. Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 kwa lita, na dozi moja ya mtu mzima huwa miligramu 600, yaani zaidi ya lita saba kwa mara moja! Mwenye homa aende kupima.

Na gongo usiijaribu kwa njia hii. Kilevi cha methanoli hakitambuliki kwa pua, na kinapofusha.

Kwa jioni moja jini mbili zinatosha, na funguo za pikipiki ziwe kwa mtu mwingine. Glasi usizioshe usiku huo. Asubuhi zinuse zikiwa kavu. Chungwa na limau vitakuwa vimeruka, na mara nyingi kinachobaki ni harufu nzito ya mizizi inayotiwa kwenye jini, ya mmea uitwao anjelika na wenzake, kama udongo wa chini ya migomba baada ya mvua. Hiyo nayo iandike.