Jinsi ya kuandika mahali mpaka msomaji ajione yupo pale

Watu wengi wakianza stori wanamwaga mandhari yote juu kabisa, milima ya kijani, upepo mwanana, ndege wanaimba, aya nzima hiyo, halafu ndo mhusika anaingia akiwa amechelewa. Msomaji kashairuka zamani. Mimi naona tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeiangalia hiyo milima, imewekwa tu kama picha ya kalenda.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jiulize nani yupo hapo na anataka nini. Korido la hospitali kwa anayepiga deki ni kona ambazo tambara halifiki, kwa mtu ambaye ndugu yake yuko ndani ni mlango mmoja tu. Ukiandika "korido lilikuwa refu, kuta nyeupe, linanuka dawa" hujasema kitu, kila hospitali iko hivyo. Jaribu hivi: "Rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka usawa wa kiuno, pale machela zinapogonga zikikata kona, na kila mlango ulipofunguliwa alijikuta anausugua ule mchubuko kwa kidole gumba." Hapo umepata ukuta, machela zinazopita mbio, na wasiwasi wa mtu, na hujataja neno wasiwasi hata mara moja.

Halafu punguza "kulikuwa na". Kulikuwa na mto, kulikuwa na mti, kulikuwa na nyumba, yaani unasoma kama orodha ya mnada. Vipe vitu kazi: njia inapotelea vichakani, paa limeinamia upande mmoja, mto unazunguka jiwe. Na lugha yetu imetupa pana, kuna na mna, zitumie vizuri, mezani pana vumbi na kabatini mna vumbi si picha moja, msomaji anajua kama anatazama juu ya kitu au ndani yake.

Sasa mambo ya angani, hapa ndo watu wanaumbuka. Mwezi mpevu unachomoza karibu na muda jua linapozama, kwa hiyo usimwambie mtu umechomoza saa nane za usiku. Mwezi mwandamo unauona magharibi jua likishazama na haukai, unazama nao. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi, ukijua hilo tu unaweza kupanga usiku kadhaa wa stori bila kujichanganya. Na kama stori iko karibu na ikweta usiandike machweo ya masaa mawili, giza huko linaingia chapchap.

Harufu ya mvua nayo ina sababu. Inatokana na mafuta ya mimea yaliyojikusanya kwenye udongo mkavu, pamoja na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Ndo maana inapiga sana mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ila kama kwenye stori yako imenyesha wiki nzima, andika harufu ya nguo zisizokauka. Usiku nao sauti za mbali zinasikika zaidi, hasa kukiwa kumetulia bila upepo, kwa sababu hewa ya chini inapoa kuliko ya juu na sauti inapindishwa kurudi chini. Mbwa wa ng'ambo ya bonde anasikika kama yuko uani, na hiyo kwa stori ya woga ni mali.

Kama hujawahi kufika hapo mahali, picha za satelaiti zitakuonyesha barabara na mto ila hazitakwambia kunanuka nini. Tafuta mtu aliyekaa huko, usimuulize pakoje maana atakujibu "pazuri tu" na mazungumzo yaishie hapo. Muulize alikuwa anapita wapi akienda shule, alikuwa anaogopa kupita wapi. Utashangaa vitu vitakavyomtoka.

Ukimaliza rasimu pigia mstari kila sentensi ya mahali, kisha isome stori bila hizo sentensi. Ambayo ukiitoa hakuna kinachopungua, itupe hata kama ni tamu kiasi gani (na mara nyingi ndo ile tamu kuliko zote, inauma kweli). Zilizobaki zitawanye, mbili hapa, moja kule katikati ya ugomvi, mtu akiwa anavuka, anafunga mlango, anatafuta kiatu gizani.