SOMO: Mkate wa mboga na mayai, kwa nyumba ambayo kila mtu ana miiko yake

Jamani, wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Ule mkate wako wa mboga unatia nini?" Na kila anayeuliza ana mkia wake: "lakini kwangu kuna mgonjwa wa sukari", "lakini mwanangu hali mayai". Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namleta hapa.

Kwanza, huu si mkate wa mayai ule mtamu wa sikukuu. Huu ni wa chumvi: mboga nyingi, mayai ya kuzishikisha, unga kidogo. Unakatwa vipande vya mraba, unaliwa moto au umepoa, kwa chai au kwa kachumbari.

Mezani kwangu Jumapili wanakaa hivi: baba mkwe ana kisukari. Wifi yangu ana ugonjwa wa siliaki, ngano hata chembe hagusi. Mtoto wa mwisho maziwa yanamvuruga tumbo. Na jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi, hali nyama, hali samaki, wala yai. Nilihangaika na vyungu vinne kila Jumapili mpaka nikaelewa kwamba miiko inatenganishwa kwenye bakuli, kabla hujachanganya. Kumchokolea mtu jibini kwenye kipande kilichokwisha iva ni kumdanganya.

VIPIMO (trei ya sentimita 20 kwa 30, vipande 12)

Mayai 8 ya kisasa. Ya kienyeji ni madogo, tia 10. Mumunye changa au zukini gramu 600. Karoti 2. Kitunguu maji kikubwa 1. Mchicha fungu moja. Hoho nusu. Unga wa dengu gramu 150. Mafuta ya kula mililita 80. Beking pauda kijiko cha chai 1. Chumvi kijiko cha chai 1. Pilipili manga na giligilani kadiri upendavyo. Jibini si lazima, mie sitii.

Unga wa dengu ni ule wa bajia. Wakenya, si ndengu zenu za kijani.

HATUA YA 1. Washa oveni nyuzi 180. Paka trei mafuta, tandika karatasi ya kuokea.

HATUA YA 2. Kwaruza mumunye na karoti. Kata kitunguu na hoho vidogo, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka vilainike. Mchicha uchome kwa maji ya moto dakika moja, uchuje.

HATUA YA 3. KUKAMUA MAJI. Hapa someni polepole.

Mwaka juzi nilipewa oda ya trei nne za shughuli ya arobaini. Nilikuwa mbio. Nikakwaruza mumunye, nikanyunyiza chumvi, nikamwaga mayai hapo hapo na kutia ovenini. Ulitoka umepiga rangi ya dhahabu, nikaupiga na picha. Mwenye shughuli anainua kipande cha kwanza mbele ya wageni: juu mkate, chini uji. Maji ya kijani yakatiririka kwenye sinia mpaka yakavilowesha visheti vya watu. Nilirudisha pesa yote, na visheti nikavilipa.

Kilichotokea ni hiki. Chumvi huvuta maji ya mboga. Usipoyatoa kabla, yatatoka humo humo ovenini, mayai yakiwa yanaganda, na hayana pa kwenda ila chini. Kuongeza unga hakusaidii, unapata donge lenye maji.

Kwa hiyo: mumunye iliyokwaruzwa itie kwenye chujio, nyunyiza ile chumvi yote, changanya kwa mkono, iache dakika 15. Kisha itie kwenye kitambaa safi, kanga ya zamani inafaa sana, isokote kama unakamua tui. Ukidhani umemaliza, pumzisha mkono, kamua tena. Kwa gramu 600 mie hupata karibu mililita 200, kikombe kizima. Ukipata vijiko viwili hujakamua, umeisalimia. Mchicha nao ukamue mpaka uwe tonge linaloshika.

Tahadhari zake:
– Usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja. Mayai mabichi usiyaonje. Kaanga kijiko kimoja cha mchanganyiko kwenye kikaango, onja hicho.
– Nyanya isiingie ndani. Ukiitaka, slesi nyembamba juu, mbegu umezitoa.
– Uyoga na bilinganya vikaangwe kwanza mpaka vikauke.
– Ukishachanganya, oka. Usiache bakuli ukaenda kusikiliza taarabu.
– Mwenye presha aliyekatazwa chumvi: acha chumvi kabisa, kausha mboga kwenye kikaango kipana, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, bila mfuniko. Poza kabla hujatia mayai, la sivyo yanakatika.

HATUA YA 4. KUTENGANISHA. Mboga zilizokamuliwa zigawe kwenye mabakuli kulingana na watu wako, kisha ndiyo utie mayai na unga. La mwenye mzio hutangulia kuchanganywa, hutangulia kuingia ovenini, na lina kijiko chake na kisu chake.

Asiyekula ngano: kichocheo hiki hakina ngano, lakini unga wa dengu uliosagwa kwenye mashine inayosaga na ngano si salama kwa mtu wa siliaki. Mie huchagua dengu, nasaga nyumbani kwa mashine ya viungo. Pakiti ya beking pauda isome pia, nyingine zina wanga wa ngano.

Asiyekula maziwa: usitie jibini. Basi.

Mwenye kisukari: gramu 150 za unga kwa vipande 12 ni gramu 12 na nusu kila kipande. Baba mkwe anakula viwili na kachumbari. Akivishushia chapati mbili na chai ya sukari, usilaumu mkate.

Asiyekula mayai: usitafute cha kuziba pengo la yai. Mayai manane ndiyo nguzo za nyumba, si rangi ya ukuta. Badili mkate wenyewe: unga wa dengu gramu 250, maji mililita 450, mafuta vijiko 3 vya chakula, bizari ya manjano kidogo, beking pauda kijiko cha chai 1. Koroga usiwe na madonge, uache nusu saa unga unywe maji, tia mboga zilizokamuliwa gramu 400. Mimina usizidi unene wa sentimita 2, oka nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40. Ndiyo ninaompelekea mama wa juu, na sahani hairudi tupu.

HATUA YA 5. Piga mayai na mafuta, tia unga na beking pauda, tia mboga, mimina, sawazisha.

HATUA YA 6. Oka dakika 35 hadi 40. Tikisa trei: katikati pasicheze. Chomeka kijiti, kitoke kikavu.

HATUA YA 7. Usikate! Uache dakika 20. Ukikata wa moto utaomba kijiko.

WASIO NA OVENI: sufuria nzito ya kipenyo cha sentimita 24, mayai 6 na vingine punguza kwa robo. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Kwa kila moja la chini, mawili ya juu. Dakika 40 hivi. Mfuniko wa bati bapa wenye ukingo, majivu yasiingie. Na jiko likae nje au penye hewa, si chumbani mmefunga madirisha. Hewa ya sumu ya makaa inaua bila kukohoza.

MASWALI

Mchele Mbichi: Somo zuri. Naweza kutumia unga wa ngano?

Mwandishi: Kama hakuna asiyeula, ndiyo. Gramu 150 zile zile.

Mchele Mbichi: Na vipimo mbona hujaweka?

Mwandishi: Vipo. Neno VIPIMO, herufi kubwa.

Baba Pacha: Samahani dada, hii si omleti tu mmeipa jina? Mke wangu anaipika dakika tano kwenye kikaango.

Mwandishi: Kaka, omleti ya dakika tano yenye nusu kilo ya mumunye naomba niione. Omleti inaliwa pale pale. Huu unakatwa, unafungwa, unakwenda shule na kazini, na mchana haujasinyaa. Mpe mkeo salamu, kisha umkamulie mboga.

Baba Pacha: Haya yamekwisha. Kukamua nitakamua.

Kijukuu: Shangazi, shikamoo. Nimeelewa chumvi inatoa maji kwenye mumunye. Karoti mbona hujasema ikamuliwe? Nayo si ina maji?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali. Karoti ina maji mengi pia, ila nyama yake ni ngumu, inayashikilia hata ikiiva. Mumunye ni laini, ukiipasha moto inaachia yote. Jaribu: kwaruza kiganja kimoja cha kila kimoja, tia chumvi sawa, weka visahani viwili, rudi baada ya robo saa. Utaona mwenyewe nani analia. Kabichi iko katikati, ikate nyembamba uikamue kidogo. Boga lililokomaa liko upande wa karoti, na linapendeza sana humu. Kwa mwenye kisukari tia kiasi.

Kijukuu: Nimejaribu. Mumunye imelia, karoti imetoka jasho tu. Na yale maji yaliyokamuliwa nifanyie nini?

Mwandishi: Yana chumvi nyingi. Pikia dengu au supu, usitie chumvi nyingine. Kwa mwenye presha yamwage.

Zulekha wa Pili: Nimeoka kama ulivyosema, umetoka mbichi katikati. Kichocheo chako kina kasoro.

Mwandishi: Ulitumia trei gani?

Zulekha wa Pili: Ile ya keki ya duara, ndogo, ya sentimita 18.

Mwandishi: Mayai manane kwenye sentimita 18, hilo ni pipa. Rudi kwenye vipimo vya trei. Kilichobaki kirudishe ovenini dakika 15, ufunike juu kwa karatasi ya foili kusiungue.

Muuguzi wa Zamu: Dada, nyongeza: mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asichukue kichocheo hiki kilivyo. Mchicha na dengu vina potasiamu nyingi.

Mwandishi: Ahsante sana, hapo sikuwaza. Kuna namna ya kuipunguza?

Muuguzi wa Zamu: Mboga zikikatwa ndogo zikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, inapungua, haiishi. Kabichi ni nafuu kuliko mchicha. Lakini kiasi cha mayai na unga akipange na mtaalamu wake wa lishe, maana kuna wanaopimiwa na protini. Na wajawazito: uive wote, katikati kusibaki kiini cha kutiririka.

Mwandishi: Someni hapo juu wenye wagonjwa wa figo. Msiniulize mie, muulizeni huyu.

Mkaa wa Maskati: Mie niko Maskati. Mkahawa wa Waajemi karibu na kazini wana kitu hiki hiki kijani kitupu, wanakiita "kuku". Siku ya kwanza nikaagiza nikidhani napata kuku. Nikasubiri paja, ikaja mboga!

Mwandishi: Hahaha, pole. Hiyo ni kuku sabzi. Kwao "kuku" ni mayai yaliyogandishwa na mboga, "sabzi" ni majani mabichi: giligilani, kotimiri, shibiti, majani ya vitunguu. Hupikwa sana Nouruzi, mwaka mpya wao. Majani ni mengi kuliko mayai, wengine hutia na kokwa za jozi. Waulize wanakausha vipi yale majani, utuletee.

Mkaa wa Maskati: Nimemuuliza mpishi. Anasema anayaosha asubuhi, anayatandaza kwenye taulo, hayakati mpaka yakauke kabisa, na anakata kwa kisu kikali sana. Kisu butu kinayaponda, yanatoa maji.

Mwandishi: Mmeona? Maji tena. Hilo la kisu nalichukua.

Mchele Mbichi: Kwa hiyo bila mayai naweza kutia ndizi mbivu?

Mwandishi: Hapana.

Mama wa Wanne: Shoga, unakaa siku ngapi? Nataka wa kufunga watoto wiki nzima.

Mwandishi: Friji siku tatu, na usikae mezani zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia humo, kwa joto letu hata saa moja inatosha. Wiki nzima: kata, funga kipande kimoja kimoja, tia friza, hata mwezi. Usiku kitoe kikae friji, asubuhi kipashe kwenye kikaango kikavu, kifunike. Ulio na boga unavumilia friza kuliko wa mchicha.

Mama wa Wanne: Na mayai ya trei nitajuaje yepi ya zamani?

Mwandishi: Bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama wima limekaa, tumia leo. Linaloelea wengi hulitupa. Mie hulipasua pembeni kwenye kikombe, pua ihukumu.

Baba Pacha: Dada, nimekamua. Umetoka safi, mke wangu amekaa kimya. Sasa hilo la kisu, changu hakikati hata nyanya na fundi wa kunoa simwoni mtaani.

Mwandishi: Hongera kaka! Geuza kikombe cha udongo cha chai juu chini. Pale chini pana duara lisilo na ung'aro, linakwaruza ukipitisha kidole. Pitisha kisu hapo kimelala kidogo, kama unakata slesi nyembamba ya kikombe, mara kumi upande huu, kumi ule. Kioshe kabla ya kukatia, kina vumbi la chuma.

Baba Pacha: Kikombe chochote?

Mwandishi: Chochote cha udongo. Usichukue cha seti ya mama mkwe.